Ardhi "Isiyotumiwa": Hati ya Kimila ya Wahadzabe wa Yaeda na Kazi Iliyofuata

Mkulima akiulizwa ardhi yake iko wapi, huonyesha matuta. Mfugaji huonyesha boma na njia ya kunyweshea. Mhadzabe, anayeishi kwa kuwinda na kukusanya vyakula vya porini, huonyesha kilima kizima, mibuyu ya ng'ambo ya korongo, na tundu la maji mwambani ambalo mgeni atalipita bila kuliona. Machoni pa ofisi, huyu wa tatu hana kitu. Tena sheria yenyewe iliipa ofisi sababu ya kuona hivyo: Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, inapoeleza maana ya ardhi ya jumla, yaani ardhi ya umma isiyo ya kijiji wala ya hifadhi, inaingiza humo hata ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumiwa. Pacha wake, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka huohuo, haisemi hivyo. Katika mwanya huo ardhi ya wawindaji inaweza kupotea taratibu, hata kama hakuna aliyekuja kuinyang'anya kwa nguvu.

Katika bonde la Yaeda, wilayani Mbulu mkoani Manyara, mwanya huo ulizibwa kwa karatasi, kisha karatasi ikapewa kazi ya kila siku. Oktoba 2011 Wahadzabe walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja kwa eneo la zaidi ya hektari 20,000. Walioifanikisha ni Wahadzabe wenyewe, Halmashauri ya Wilaya ya Mbulu, na Ujamaa Community Resource Team (UCRT), shirika la Arusha ambalo kiongozi wake Edward Loure alipata Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2016 kwa kazi hii ya hati za pamoja. Muda si mrefu ikaingia Carbon Tanzania, kampuni inayouza vyeti vya kaboni vya misitu iliyolindwa, na msitu ukaanza kulipa mishahara ya wanaoulinda.

Watu wachache katikati ya wengi

Wahadzabe ni kama 1,000 hadi 1,300 tu, wametawanyika kuzunguka Ziwa Eyasi. Lugha yao, Kihadza, ina vidoko na haina ndugu anayejulikana. Wamezungukwa na Wairaqw walioshuka na jembe kutoka nyanda za juu za Mbulu, Wadatoga na ng'ombe wao, na Waisanzu upande wa kusini. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wote hawa mkutanoni, na hilo si jambo dogo: anayekisema vizuri zaidi ndiye anayesikika zaidi, na mara nyingi si Mhadzabe.

Mang'ola, upande wa Karatu, inaonyesha kinachotokea pasipokuwa na hati. Chemchemi zake zinamwagilia mashamba ya vitunguu, soko limekua, wageni wamejaa, na Wahadzabe wa huko wamebaki na vipande vya pori na pesa za watalii wanaokuja asubuhi kuwaona wakiwinda. Yaeda ilikuwa inaelekea hukohuko, ila polepole, kwa kuwa maji ni machache na barabara ni mbovu.

Serikali nayo ilikuwa imejaribu njia yake mapema. Katikati ya miaka ya 1960 iliwahamishia Wahadzabe katika makazi ya kudumu, Yaeda Chini ikiwemo, pakiwa na shule, zahanati na mahindi ya msaada. Watu waliozoea kambi za watu ishirini au thelathini, zinazohama kila wiki chache, walirundikwa mahali pamoja. Magonjwa yakawapata, wengi wakafa, na haukupita muda mrefu wengi wa waliosalia wakarudi porini. Ardhi iliyosafishwa kwa ajili yao ikabaki na wengine.

Mwaka 2007 likaja jingine. Kampuni ya uwindaji wa kitalii kutoka Falme za Kiarabu iliandaliwa nafasi ya kuwinda Yaeda. Wahadzabe walipinga, habari ikavuka mipaka, na kabla mwaka haujaisha kampuni ikajiondoa. Wengi huikumbuka kama ushindi, lakini msingi wake ulikuwa mwembamba. Kilichowaokoa kilikuwa kelele; hapakuwa na waraka hata mmoja wenye jina lao ambao afisa angeweza kuutoa kwenye faili. Mwaka unaofuata angeweza kuja mwingine asiyejali kelele.

Kwa nini kijiji peke yake hakikutosha

Wengi wanaosoma kisa hiki hudhani ushindi ulikuwa kupata kijiji. Kijiji kilikuwapo: Mongo wa Mono, na baadaye Domanga. Ila kijiji ni chombo cha kura. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, ndiyo inayosimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na kwa mujibu wa Sheria Na. 5 haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Mkutano mkuu ni kila mtu mzima anayeishi hapo. Sasa hesabu ni rahisi. Wageni wakihamia kaya tano mwaka huu na kumi mwaka ujao, watafika siku wakawa wengi kuliko wenyeji, nao watapiga kura ya kugawa pori liwe mashamba. Yote yatakuwa halali, na mihtasari itasainiwa.

Hati ya kundi inalitoa pori kwenye meza hiyo. Sheria Na. 5 inaruhusu hakimiliki ya kimila kuombwa na mtu, familia, au kundi la watu linalotambuliwa kama kundi kwa mila zao. Haki hiyo ina hadhi sawa na hati ya kupewa na serikali, na kwa raia inaweza kutolewa bila ukomo wa muda. Likishamilikishwa kundi, eneo haligawiwi tena kwa kura ya mkutano mkuu, kwa kuwa si ardhi ya kugawa. Wageni wanaweza kuwa wengi kijijini na bado wasiwe na sauti juu ya eneo la hati. Hapo ndipo kisa kizima kinaposimama, na kwa maoni yetu ndipo panapopaswa kuigwa kabla ya jambo lingine lolote.

Hatua zenyewe hazirukiki, kila moja inakaa juu ya iliyotangulia.

Kwanza ni mipaka ya kijiji. Vijiji jirani hukaa pamoja, hutembea mpaka, huandika makubaliano na kuyasaini. Ndipo mpima anaweka alama na ramani inaidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani. Kamishna wa Ardhi hutoa Cheti cha Ardhi ya Kijiji kwa msingi huo. Kazi nyingi za namna hii hufia hapa. Kijiji jirani kikigoma kusaini, hata kwa ugomvi wa kisima kimoja, kila kitu kinasimama, na jirani mwenye wakulima wanaongoja kuvuka mpaka ana kila sababu ya kugoma.

Pili ni mpango wa matumizi ya ardhi, chini ya Sheria Na. 6 ya 2007 na mwongozo wa Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi. Timu ya wilaya hufika na afisa ardhi, mtu wa misitu, wa mifugo, wa kilimo na wa maendeleo ya jamii. Kijiji huchagua kamati yake. Ramani huchorwa chini kwa vijiti na mawe kabla ya kupelekwa kwenye karatasi: makazi, mashamba, malisho, vyanzo vya maji, na eneo la uwindaji na ukusanyaji. Mkutano mkuu huupitisha mpango pamoja na sheria ndogo za kuulinda, kisha sheria ndogo hizo hupelekwa halmashauri ya wilaya ziidhinishwe. Bila idhini hiyo ni karatasi tu. Mlinzi akimtoza mtu faini kwa sheria ndogo ambayo haijapita wilayani, anayeshtakiwa atamshinda.

Katika hatua hii neno "isiyotumiwa" lazima lijibiwe kwa vitu vinavyoonekana, navyo Yaeda vipo. Wahadzabe hukwea mibuyu kwa kupigilia vigingi vya mti kwenye shina ili wafikie asali, na mbuyu mmoja unaweza kuwa na vigingi vipya, vilivyooza na makovu ya vile vya zamani sana. Kuna maeneo ya kuchimba mizizi, vichaka vya matunda ya masika, mapango ya kulala, njia za wanyama kwenda kwenye maji. Kila kimoja kina jina kwa Kihadza. Majina yakiingia kwenye ramani pamoja na vipimo vya GPS, pori linaacha kuwa tupu. Ila ni lazima atembee Mhadzabe na mpima bega kwa bega. Ramani iliyochorwa ofisini kwa setilaiti itaonyesha miti, na miti haisemi ni ya nani.

Tatu ni hati. Kundi huomba, halmashauri ya kijiji hujadili, mkutano mkuu huridhia, mipaka ya eneo huhakikiwa mbele ya majirani, hati huandaliwa na kusainiwa kijijini, kisha afisa ardhi wa wilaya huisajili na kuigonga muhuri. Kijiji kinatakiwa kuwa na masjala: chumba chenye mlango unaofungwa na kabati lisiloingiwa na mchwa wala mvua. Watu hucheka wakisikia sharti la kabati. Lakini hati ikiliwa na mchwa kijijini, na wilayani jalada likapotea wakati wa kuhama ofisi, mmerudi mwanzo.

Halafu kuna kalenda. Udongo mweusi wa bonde hunasa gari masika, na wakati huo Wahadzabe wametawanyika kufuata matunda na asali. Kiangazi kambi huwa kubwa zaidi, karibu na maji machache yaliyobaki. Mikutano hufanyika wakati huo, na hufanyika kambini. Ukiwaita Wahadzabe waje ofisini kwa mtendaji saa nne asubuhi, watakuja wawili wanaojua Kiswahili na kuandika, nawe utaandika kwamba jamii imeshirikishwa.

Shida ya nani aseme

Wahadzabe hawana chifu. Hakuna mzee mwenye amri juu ya kambi nyingine, na wasipoelewana watu huhama tu, ugomvi ukaisha. Kwa maisha ya porini ni utaratibu mzuri. Serikali, kampuni na benki, kila mmoja anataka mwenyekiti, katibu, mtunza fedha na sahihi tatu.

Namna pekee iliyofanya kazi ni kukubali kuwa kuna mifumo miwili na kuiunganisha kwa uangalifu. Kamati huwa na Wahadzabe kutoka kambi na maeneo mbalimbali, wanawake wakiwemo, na jambo zito halikatwi hadi limezungushwa kambini. Linachukua muda na linamchosha afisa mwenye bajeti ya siku tano za posho. Njia ya mkato ipo, ndiyo ya kumtumia msemaji mmoja hodari, lakini msemaji wa namna hiyo akishapata pikipiki na simu, kambi huanza kumwona kama mtu wa ofisi. Hawatamkemea. Wataacha kuja mikutanoni, na ofisi itadhani wameridhika.

Doria, na hesabu ya kaboni

Hati haimzuii mtu mwenye shoka saa kumi na moja alfajiri. Eneo la hektari 20,000 ni kilomita za mraba 200, na kinachouangusha msitu wa Yaeda si biashara kubwa ya mbao. Ni mtu kufyeka ekari mbili tatu, kuchoma na kupanda mahindi, kisha jamaa zake wakamfuata. Ukilikuta shamba la kwanza likiwa na majivu tu, unalizima kwa mazungumzo. Ukilikuta likiwa na nyumba na mahindi yaliyochanua, una kesi ya miaka.

Kwa hiyo walinzi wa kijiji hutembea, na hutembea wakijua wanachokitafuta. Wanarekodi mahali, tarehe, picha na aina ya uharibifu: mti uliokatwa, uwanja uliofyekwa, boma jipya, mtego wa waya, tanuri la mkaa. Mvamizi huelezwa mipaka na kupewa muda wa kuondoka. Asipoondoka, jambo linakwenda kwa halmashauri ya kijiji na faini ya sheria ndogo, kisha wilayani na polisi. Udhaifu uko mwisho wa mnyororo huu. Mahakama ni mbali, shahidi atatembea siku nzima kwa kesi itakayoahirishwa, na mvamizi mwenye ng'ombe wa kuuza anaweza kungoja kuliko mlinzi. Ndiyo maana kugundua mapema kuna thamani kuliko adhabu.

Mlinzi hawezi kutembea miaka kwa kujitolea. Hapo ndipo kaboni ilipoingia, kwa viwango vya Plan Vivo, mfumo wa kuthibitisha miradi ya kaboni ya jamii, vinavyotaka angalau asilimia 60 ya mapato ya mauzo iende kwa jamii. Kinachouzwa hasa hakieleweki kwa wengi, basi tukieleze.

Hauuzi miti, wala hauuzi hewa iliyomo ndani yake. Unauza tofauti kati ya uharibifu ambao ungetokea na uliotokea. Unaanza kwa kupima msitu kwenye viwanja vya sampuli: kila mti unapimwa unene kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, na kanuni za hesabu hugeuza unene huo kuwa uzito mkavu. Karibu asilimia 47 ya uzito mkavu wa mti ni kaboni. Kuipata hewa ukaa unazidisha kwa 44 na kugawa kwa 12. Tani moja ya mti mkavu ni kama tani 1.7 za hewa ukaa. Mbuyu ni mtihani hapa, maana mti wake ni laini kama sifongo na umejaa maji: ukiupima kwa kanuni iliyotengenezwa kwa migunga utapata utajiri usiokuwepo.

Kisha picha za setilaiti za miaka iliyopita hutumika kujua msitu ulikuwa ukipungua kwa kasi gani. Hiyo ndiyo kasi ya rejea. Msitu ukipungua polepole kuliko hapo, tofauti ndiyo vyeti, kimoja kwa kila tani. Sehemu huwekwa akiba bila kuuzwa, kwa ajili ya moto au uvamizi wa baadaye, na hesabu hupunguzwa kama wakataji wamehamia tu pori la jirani. Tatizo la kiundani ni kwamba kasi ya rejea ni makadirio ya jambo ambalo halikutokea. Ikikuzwa, vyeti vinakuwa vingi na havina ukweli; ikipunguzwa mno, walinzi hawalipwi. Mwenye ardhi ana haki ya kuoneshwa namba hiyo imetoka wapi, naye ndiye huwa wa mwisho kuioneshwa.

Malipo huja kwenye akaunti za jamii kwa awamu, yakifuata matokeo ya ulinzi. Mkutano huamua matumizi: mishahara ya walinzi, matibabu, ada na mahitaji ya wanafunzi, chakula miezi ya njaa. Utamaduni wa kugawana papo hapo, ambao ni nguzo ya maisha ya kambi, haupatani na kuweka akiba ya mwaka. Ukigawa pesa taslimu zinakwisha kwa wiki na wauza pombe wanajua siku ya malipo. Kulipa hospitali na shule moja kwa moja kumepunguza hatari hiyo, ingawa pia kunampa mhasibu madaraka ambayo hakuna kambi iliyomchagua kuwa nayo.

Mwaka 2019 Wahadzabe na Carbon Tanzania walipewa Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Mradi umekua tangu wakati huo hadi kuvuka hektari 100,000, ukachukua vijiji vingine vya ukanda wa Yaeda na Eyasi, vingi vikiwa vya wafugaji na wakulima. Kwa ulinzi ni faida kubwa, maana jirani anayelipwa kwa msitu wake haji kufyeka wa mwenzake. Kwa Wahadzabe lina upande wa pili: kwenye meza ya mradi mkubwa wamekuwa tena wachache, wakizungukwa na watu wenye kura nyingi na Kiswahili kilichonyooka zaidi.

Mahali hati isipofika

Hati ni ya ardhi. Wanyama ni mali ya umma chini ya usimamizi wa serikali, na Wahadzabe huwinda kwa ruhusa ya pekee kwa ajili ya chakula, kwa hiyo jambo la 2007 halijafungiwa mlango wote. Madini nayo ni ya serikali. Zaidi ya hayo, kifungu cha 4 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinampa Rais uwezo wa kuhamisha ardhi ya kijiji kuwa ya jumla au ya hifadhi kwa maslahi ya umma. Eneo lisilozidi hektari 250 huamuliwa na mkutano mkuu wa kijiji. Likizidi hapo, mkutano hutoa maoni na Waziri ndiye anayeamua. Eneo la Wahadzabe ni zaidi ya mara themanini ya kiwango hicho.

Tangu 2022 nchi ina kanuni za biashara ya kaboni chini ya Ofisi ya Makamu wa Rais, na miradi husajiliwa na kuhakikiwa kupitia Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Kaboni kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Yaeda ilianza kabla ya kanuni hizo na imebidi ziikute njiani. Jamii inayoanza leo itazikuta mezani tayari, pamoja na wawekezaji wanaofika na mkataba uliochapwa kabla kijiji hakijawa hata na cheti cha ardhi. Mkataba wa namna hiyo huisaini halmashauri ya kijiji, kwa sababu ndiyo msimamizi wa ardhi yote isiyo na hati, na kundi dogo lililomo ndani ya kijiji husikia habari zake siku walinzi wanapokuja kuwaeleza wasipoweza kuingia tena.